Kusimamisha matanga yaliyoungwa kwenye gati la mita 2.4

Swali: Tuna nyumba ndogo ya wageni kwenye ukingo wa kaskazini wa Hori ya Kilifi. Gati letu ni la mbao juu ya nguzo, linaelekea kusini, upana mita 2.4 na urefu mita 6. Tuna matanga manne ya windisafingi: mita za mraba 3.5, 4.5, 5.0 na 6.0. Kuyaunga na milingoti yake kila asubuhi na kuyafungua kila jioni kunatuchosha, na tukiyalaza gatini hakuna pa kupita. Je, yanaweza kusimama yakiwa yameungwa? Mwaka jana tuliyaegemeza kwenye reli. Moja likaanguka majini, jingine likapasuka karibu na mlingoti.

Jibu: Yanaweza, dada, ila kwanza tukubaliane kwamba tanga lililosimama linafanya kazi, hata kama hakuna mtu aliyelishika. Nahodha wa jahazi anapotia nanga hushusha tanga pamoja na foromali yake, halafu ndipo anapotafuta chai. Nyinyi mnataka kuliacha juu. Kwa hiyo mnachojenga si rafu ya kuhifadhia vitu, ni kitu cha kupambana na upepo mchana kutwa, na kila kipimo ninachokupa hapa chini kimetokana na hilo.

Tuanze na nguvu zenyewe. Tanga la mita za mraba 5 likipigwa na upepo wa noti 20, yaani karibu kilomita 37 kwa saa, likiwa limeukingama, linasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40. Upepo ukifika noti 30 nguvu haiongezeki kwa nusu, inazidi mara mbili: karibu kilo 90. Na msukumo huo hauko chini kwenye kitako cha mlingoti, uko kiasi cha mita 1.8 juu yake. Ukiushika mlingoti chini ya bumu, kwenye kimo cha mita 1.35, pale juu utabeba si kilo 40 bali kama 53, na kitako kitataka kuruka upande ule upepo unakotoka kwa kilo 13 hivi. Ndiyo maana tanga lililoegemezwa tu kwenye reli huanza kuteleza miguuni kabla ya kuanguka. Reli ilikuwa imara. Miguuni hapakuwa na kitu. (Nikisema bumu nina maana ya ule mti wa mviringo unaoshikwa kwa mikono, si jahazi la Ghuba lenye jina hilo.)

Wengi hudhani kwamba hatari ipo tanga linapoukabili upepo kwa upana wake wote, na kwamba likipinda kidogo tu kutoka mstari wa upepo halidhuriki. Sivyo. Tanga limeshonwa ili livute likiwa limepinda digrii 15 hadi 20 tu kutoka kwenye upepo, na kwa pembe hiyo nguvu yake tayari inakaribia ile ya kukingama. Likiwa ndani ya digrii 5 hadi 10 limetulia. Zaidi ya hapo limeshaanza safari, na gati lako ndilo ubao wake.

Sasa mwelekeo. Gati lako linakwenda kaskazini hadi kusini, na hiyo ni bahati nzuri. Kusi hukujia kutoka kusini-mashariki, Kaskazi kutoka kaskazini-mashariki; zote mbili zinatoka upande wa mashariki wa gati, na matlai, upepo wa mashariki, vilevile. Umande, ule upepo wa alfajiri, ndio unaotoka bara, lakini kwa kawaida ni mnyonge. Basi panga milingoti yote minne kwenye mstari mmoja unaofuata urefu wa gati, na pembe za nyuma za matanga zielekee magharibi, juu ya maji. Wakati wa Kusi matanga yatalala kuelekea kaskazini-magharibi, wakati wa Kaskazi kuelekea kusini-magharibi, kama miiba ya samaki. Milingoti haihami kamwe. Kinachohama ni mahali pa kufungia pembe ya nyuma. Mashua zifunge upande wa mashariki tu.

Vipimo: mstari wa vitako vya milingoti uwe sentimita 90 kutoka ukingo wa magharibi, na kutoka mlingoti hadi mlingoti uache sentimita 90 pia. Bumu la tanga la 5.0 lina urefu wa kama mita 1.7, likikaa kimshazari litatokeza sentimita 30 hivi nje ya gati. Upande wa mashariki unabaki na njia ya mita 1.4, inayomtosha mtu aliyebeba ubao. Urefu wote unaotumika ni kama mita 4, kwa hiyo acha mita 2 za mwisho wa gati wazi kwa kuzindulia. Nafasi ya 90 inatokana na upana wa bumu, ambao hufika sentimita 50 hivi. Matanga yakilala digrii 45, nafasi halisi kati yao inabaki sentimita 64. Siku ambazo Kusi imegeuka ikawa ya kusini kabisa, nafasi hiyo inabanwa hadi bumu zinaanza kugongana. Siku hizo simamisha mawili tu, la kwanza na la tatu, na mengine yalale.

Kitako. Chukua mbao ya mbili kwa sita ya mvule au mti mwingine usiooza upesi, toboa mashimo ya mviringo, weka kipande cha tyubu ya gari ndani ili alumini ya kirefusho, kile kipande kinachochomekwa chini ya mlingoti kuurefusha, isisuguliwe. Kipenyo cha shimo kipime kwa kirefusho chenyewe, usikisie: milingoti minene na myembamba hutofautiana karibu sentimita moja na nusu, na roda zilizo chini huongeza upana. Acha milimita 5 za nafasi, kwa sababu mlingoti lazima uzunguke kwa urahisi unapobadilisha mwelekeo. Kina kiwe unene wote wa mbao, kama sentimita 5, na chini yake utoboe tundu la milimita 12 la kutolea maji. Shimo lisilotoa maji huweka chumvi pale pale alumini inapokutana na kaboni ya mlingoti, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, alumini huliwa na kuvimba mpaka kirefusho hakitoki tena.

Baa ya juu iwe paipu ya GI, yaani chuma kilichopakwa zinki, ya inchi moja na nusu, urefu mita 3.2, juu ya nguzo tatu zilizoachana mita 1.5. Iweke upande wa mashariki wa milingoti, si wa magharibi. Fundi wako atataka kuiweka magharibi ili mlingoti uiegemee upepo ukisukuma, na mawazo yake yana mantiki, ila sehemu ya tanga iliyo chini ya bumu inapita huko, baa itaikata. Ikiwa mashariki, mlingoti unafungwa kwenye baa kwa mkanda, na mkanda ndio unaobeba. Vitako viwe sentimita 10 magharibi ya baa ili mlingoti uinamie baa kidogo wenyewe, usimame hata kabla hujaufunga.

Kwenye baa, mbele ya kila mlingoti, chomelea pembe mbili za chuma zenye urefu wa sentimita 10, kama panda ya manati, na uzivishe kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Panda inazuia mlingoti usiteleze kando. Mkanda wa milimita 25 wenye kibano cha chuma unauzuia usitoke. Usitumie mpira wa kufungia mizigo badala ya mkanda. Mpira unavutika, mlingoti unapata nafasi ya kucheza, na kinachocheza mchana kutwa hujikata.

Mahali pa kushika mlingoti ni kwenye dirisha la bumu, ile sehemu ambayo ala ya tanga imekatwa na mlingoti uko wazi, chini kidogo ya kichwa cha bumu. Ukiushika juu ya kitambaa cha ala, ala itatoboka ndani ya msimu mmoja. Hapa kuna tatizo dogo: dirisha la tanga la 3.5 liko chini kuliko la 6.0, pengine kwa sentimita 15 hadi 25. Usitengeneze baa mbili. Inua kitako cha tanga dogo kwa gogo la unene huo. Unga matanga yote manne, yasimamishe kwa mikono, pima kila dirisha, halafu ndipo utoboe.

Sasa kosa linalovunja magati mengi kuliko yote. Matanga yako manne yana jumla ya mita za mraba 19. Kwa noti 20 baa nzima inaweza kuvutwa kwa kilo 200, mita 1.35 juu ya sakafu. Nguzo iliyopigwa skrubu kwenye mbao za sakafu haitavunjika. Itang'oa mbao pamoja nayo. Nguzo zipite sakafuni, zishuke sentimita 60 chini yake, zishikwe kwenye boriti kwa boliti mbili za M12, yaani za kipenyo cha milimita 12, na ncha ya chini kabisa ifungwe kwa mbao ya mshazari hadi boriti ya pili. Kwa njia hiyo mshazari uko chini ya gati na haumkwazi mtu. Boliti ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Zile za 304 zinazouzwa bei ya chini huanza kutoa kutu ya rangi ya chai mapema sana zikirushiwa maji ya bahari, na kutu hiyo huchafua matanga. GI ni sawa kwa paipu na nguzo, mradi kila ulipochomelea upake rangi ya zinki siku hiyohiyo.

Sehemu ya tatu ya kushika ni pembe ya nyuma, na hii haina hiari. Tanga lililofungwa mlingotini tu, pembe ikiwa huru, hujigeuza lenyewe kama bendera, na gati halisikii uzito. Linavutia macho, lakini ukingo wake wa nyuma unatetema bila kupumzika. Ile plastiki angavu ya tanga haichoshwi na kuvutwa, inachoshwa na kukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara. Nyufa huanza kwenye ncha za mbavu, zile fito zinazonyoosha tanga, na pembeni mwa dirisha la bumu, pale kitambaa kinapokutana na plastiki, yaani karibu na mlingoti, kama lako lilivyopasuka. Kati ya nguzo kubeba mzigo na tanga kutetema, ni afadhali nguzo ibebe. Nguzo ni mbao na chuma; tanga ukiagiza jipya litafika baada ya wiki nyingi.

Kwa hiyo weka pete za boliti kwenye boriti ya ukingo wa magharibi, kila sentimita 30. Kutoka ncha ya bumu teremsha kamba mbili za polista za milimita 6, zifungwe kwenye pete mbili zilizoachana sentimita 60, mfano wa herufi V iliyogeuzwa. Nailoni usiitumie, inavutika ikilowa. Kaza mpaka ncha ya bumu isisogee zaidi ya upana wa vidole vitatu. Kila asubuhi tazama kitambaa chepesi ulichokifunga juu ya nguzo ya kaskazini, na kama upepo umehama zaidi ya digrii 10, hamisha kamba pete moja au mbili. Kazi hiyo kwa matanga manne huchukua dakika tano. Mwezi wa Aprili na mwezi wa Novemba, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, utaihamisha mara nyingi zaidi, pengine kutwa mara mbili.

Kuhusu kukaza na kulegeza kamba za tanga lenyewe, watu hupewa ushauri mmoja kwa hali mbili tofauti. Mchana, kati ya mteja na mteja, usilegeze chochote: tanga lililokazwa vizuri halitetemi. Jioni, likishalazwa, legeza kamba ya nyuma kwanza, ile inayolivuta tanga kwenye ncha ya bumu, sentimita 5 hadi 10, halafu kamba ya chini, ile inayolivuta kwenye kitako cha mlingoti, kiasi hichohicho. Ukianza na ya chini, mbavu zinabanwa dhidi ya mlingoti na plastiki inajikunja kwa pembe kali. Asubuhi kinyume chake, ya chini kwanza. Kamwe usiliache tanga limesimama na kulegezwa. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Nimesema jioni likishalazwa, na ninamaanisha hivyo. Usiku matanga yasikae gatini. Yabebe yakiwa yameungwa mpaka kwenye banda la makuti, yatundike kwa kulala chini ya paa: mlingoti uingie kwenye kanda mbili pana zilizoachana mita 2.5, pembe ya nyuma ining'inie chini. Manne yanaweza kukaa sambamba kwenye upana wa mita 2. Watu wawili wanamaliza kwa robo saa, na bado mmeepuka kuunga na kufungua. Ukibeba, mlingoti utangulie upepo na mkono mmoja uwe kwenye bumu. Anayebeba tanga kwa pembe ya nyuma likitazama upepo atageuzwa nalo, na gatini hakuna pa kugeukia. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, ngazi za gati huwa ndefu na zenye utelezi: shusha ubao kwanza, mtu asimame chini, halafu mpokezane tanga.

Mipaka ya upepo ni hii. Hadi noti 15, matanga yote yasimame. Kati ya 15 na 20, yasimame ikiwa kuna mtu gatini. Ukifika 20, au ukiona wingu jeusi la mvua linakuja juu ya maji hata kama hapo ulipo pametulia, shusha yote, ukianza na la 6.0. Upepo unaotangulia mvua hubadilisha mwelekeo ghafla, na muundo mzima huu unategemea upepo wa mashariki. Kukiwa na radi, acha hata kushusha, ondokeni gatini. Kaboni hupitisha umeme, na milingoti ya mita 4 juu ya maji ndiyo mirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Kwa sababu hiyohiyo kagua njia kati ya gati na banda: pasiwe na waya wa umeme juu yake.

Jua ni adui wa polepole, nalo pwani yetu halina msimu wa kupumzika. Plastiki angavu hugeuka kuwa njano au maziwa, halafu inakuwa kavu kama ganda la kitunguu. Siku hiyo kidole tu kinaipasua. Saa sita hadi saa tisa, kama hakuna mteja, ni afadhali matanga yawe bandani. Kufunika tanga lililosimama kwa turubai sikushauri: turubai nalo ni tanga, na linaongeza mzigo juu ya baa.

Chumvi. Kila jioni mimina maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye roda, kwenye dirisha la bumu na ndani ya ala kutokea juu. Ndoo moja ya lita 20 inatosha matanga mawili. Plastiki usiipanguse kwa kitambaa ikiwa imekauka na chumvi, chembe zake zinakwaruza. Mara moja kwa wiki, bila kukosa, toa kirefusho, kisafishe, kirudishe. Mara moja kwa mwezi fungua kila tanga kabisa na utenganishe vipande viwili vya mlingoti. Kabla ya kuunga tena zungusha tepu ya umeme mara tatu kwenye kiungo ili mchanga usiingie. Mlingoti ukigoma, usivute tu: funga bumu kwenye kila kipande kama mpini, zungusha kwa kupingana, huku mwenzako akimimina maji kwenye kiungo.

Kama tanga lako la 3.5 ni la kitambaa cha dakroni, lisilo na mbavu ndefu za kutoka mlingotini hadi nyuma, lina njia fupi zaidi. Toa bumu, zungusha mlingoti mpaka kitambaa chote kijiviringe juu yake, funga kwa kamba ya kunyanyulia. Linabaki fimbo tu, na linaweza kusimama kwenye tundu lake hata kwa noti 25. Tanga lenye mbavu ndefu usilijaribu hivyo, mbavu zitavunjika.

Kabla ya kusimamisha tanga la kwanza, ijaribu baa. Funga kamba katikati yake, unganisha na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, na watu wawili wavute kuelekea magharibi mpaka isome kilo 100. Mwingine apime kwa rula. Baa ikisogea chini ya sentimita 2 na kurudi mahali pake, iko tayari. Ikisogea zaidi, au ukisikia mbao zinalia chini ya sakafu, ongeza mshazari wa pili kwenye nguzo ya kati, ambayo ndiyo inayobeba kuliko zote, kisha urudie kipimo.